Kumbukumbu Namba Sifuri

Kompyuta ya Kituo ilikuwa imewafanya watu mia mbili na kumi na wanne kuwa watoto wa baba mmoja, na Verediana alicheka hadi akalazimika kuvua miwani. Wote waliitwa Bukuru. Algoriti iliyoletwa kutoka ng'ambo, yaani ule mfuatano wa hatua unaoiongoza kompyuta mpaka ifike kwenye jibu, ilikuwa imeelekezwa kwamba wenye jina moja la mwisho ni ndugu. Basi mashine ya watu ikatii. Ikawakusanya akina Bukuru wote waliovuka kutoka Burundi tangu mwaka 2015, wazee kwa wachanga, ikawatia nyumba moja.

"Unacheka nini?" Elinipa aliuliza kutoka meza ya pili.

"Njoo uone ukoo mkubwa kuliko wote Afrika."

Elinipa alikuja, akatazama, asione kichekesho. Hakuwa na kosa. Alikuwa Mpare wa Same, na kwao mtoto hubeba jina la baba na mambo yanaishia hapo. Verediana akamweleza kwamba kwa Warundi, na kwa Waha wengi wa zamani, kila mtoto hupewa jina lake peke yake, kiasi kwamba watoto sita wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina sita yasiyohusiana. Lakini majina yenyewe husema. Bukuru ni pacha aliyetangulia kutoka, Butoyi ni yule aliyemfuata. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kiza. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane.

"Sasa ukiwa na Bukuru mkononi," alisema, "usimtafutie Bukuru mwingine. Mtafutie Butoyi wa mama huyohuyo na mlima uleule, maana kwao mlima ndio kijiji. Ukimpata Kiza, ujue juu yake kuna mapacha."

"Vere, hiyo ni algoriti tayari," Elinipa alisema. "Kaiandike kabla mwingine hajaiandika."

Wakacheka pamoja. Walikuwa chanda na pete wakati huo. Wote wawili walikuwa katika mafunzo kwa vitendo ya mwaka mmoja pale Kituoni, kwenye jengo lenye kuta za njano juu ya bandari ya Kigoma, ambako mkuu wao, Dokta Joanitha, alifundisha vijana kutengeneza algoriti za sayansi na uhandisi. Mwaka huo kazi ilikuwa ya wakimbizi: kuzipitia kumbukumbu za waliosajiliwa makambini na kuwaunganisha waliopoteana. Mwisho wa mwaka mmoja wao angechaguliwa kwa ufadhili wa utafiti wa miaka miwili huko Arusha, kwenye maabara kuu. Nafasi ilikuwa moja. Verediana aliitamani mpaka akaiota. Alikuwa amekwisha kuandika pembeni ya daftari lake atakachokifanya akifika: hesabu ya mikondo ya Ziwa Tanganyika, ili chombo kikizama ijulikane watu watafutwe upande gani.

Masharti ya ufadhili hayakuwa mengi. La kwanza lilisema mwombaji awe raia wa Tanzania, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Kwenye vyeti vyote aliitwa Verediana Dismasi, mzaliwa wa Ujiji. Ukweli ni kwamba Dismasi, fundi wa mitumbwi, Mungu amrehemu, hakumzaa. Alimkuta mwaka 1996 akiwa na miaka minne, amebebwa mgongoni na mama yake, Yuliana, aliyekuwa ameingia kwa miguu kutoka Burundi kupitia mpaka wa Manyovu. Baba na mapacha wawili wa miaka sita walibaki nyuma siku moja kumsubiri bibi. Siku hiyo moja haikuisha mpaka leo. Yuliana hakwenda kambini. Aliolewa na fundi, akajifunza Kiha cha Ujiji, akamwandikisha mtoto shule kwa jina la yule mwanamume mwema, akafunga mdomo. Nyumbani tu, mlango ukishafungwa, ndipo alipomwita binti yake Kiza.

Mdomo ulifungwa, moyo haukufungwa. Mwaka 2015 watu walipokuwa wakishushwa bandarini kwa maelfu kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, Yuliana alishinda pale wiki nzima na ndoo ya uji, akimuuliza kila aliyeshuka habari za mapacha wa mlima Gasenyi. Alirudi nyumbani Gungu na ndoo tupu na sauti imekauka. Hakusema neno juu ya jambo hilo tena, na Verediana naye hakuuliza.

Sasa, kila mwenye kutengeneza algoriti anajua kwamba huwezi kuiamini mpaka uipe swali ambalo jibu lake unalo. Verediana alihitaji familia moja ya kweli, yenye mama, mlima, mapacha na anayewafuata, aone kama mashine ingeipanga sawasawa. Angeweza kuitunga. Wenzake huko duniani hutunga kila siku. Lakini familia ya kutunga hupangika vizuri mno, haina kasoro za watu halisi, na yeye alikuwa na ya kwake pale pale, haina kazi. Akaiingiza. Mama: Yuliana. Mlima: Gasenyi. Watoto: Bukuru, Butoyi, Kiza. Jina la Verediana hakuliweka popote. Akaiita kumbukumbu namba sifuri, akaona amejificha vya kutosha.

Tusidanganyane, hakuifanya kwa ajili ya majaribio tu. Alijua anachokitafuta.

Jumatatu ya tarehe ishirini na moja Agosti, 2017, saa nne asubuhi, mashine ikaleta jibu. Kumbukumbu sifuri imeungana na kumbukumbu nyingine, ya mtu aliye hai. Mwanamume, miaka ishirini na saba. Butoyi. Mama, Yuliana, alipotea mwaka 1996. Baba, marehemu. Pacha wake Bukuru, marehemu. Mdogo wake, msichana, Kiza. Ndugu nchini Tanzania: hakuna.

Verediana aliisoma mara tatu. Kambi ipi, nyumba ipi, picha yake, hayo yote hayakuonekana. Wanafunzi waliona kumbukumbu zilizofichwa makazi, na funguo zake alikuwa nazo Dokta Joanitha peke yake. Ili funguo zitumike, ndugu lazima ajitokeze kwa jina lake na atie sahihi kwamba huyu ni wangu.

"Una nini?" Elinipa alimsogelea. "Umepauka."

Angeweza kusema kichwa kinauma. Lakini huyu alikuwa Elinipa, aliyekuja Gungu kila Jumapili akala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, ambaye Yuliana alimwita mwanangu. Wakaenda nje, wakakaa kwenye ngazi, na Verediana akamwaga yote: Manyovu, Dismasi, mapacha, mlango unaofungwa, jina la Kiza. Alilia, akacheka katikati ya kulia. Elinipa alimshika mkono muda wote.

"Leo namwambia mama," Verediana alisema. "Kesho tunakwenda kwa Dokta."

Elinipa alitikisa kichwa. "Vere, mimi ni dada yako, nitakwambia ukweli. Kamati inakaa tarehe kumi na tatu. Ukienda kwa Dokta leo, utaandika nini kwenye fomu? Dada wa mkimbizi. Uraia wako utakuwa umeisha hapo hapo. Na mama ukimwambia, unadhani atakaa kimya? Atakuwa mlangoni kwa Dokta kesho asubuhi na kanga yake. Subiri. Miaka ishirini na moja imepita, wiki tatu ni nini? Upate nafasi yako kwanza, ndipo umtoe kaka yako."

Lilikuwa shauri zuri. Ubaya wa mashauri mazuri ni kwamba huwa yanatuambia kile tulichokuwa tunataka kusikia. Verediana alifuta machozi, akarudi mezani, akaifunga kumbukumbu sifuri. Jioni mama yake alimuuliza habari za kazi, akajibu, "Nzuri tu, mama."

Wiki tatu hizo alizipitisha kama mtu mwenye mawe kifuani. Akiona mama yake anachuja mawese uani, aliingia ndani asije akasema. Alijiambia anafanya kwa ajili yao wote. Alijiambia hivyo mara nyingi, na hilo pekee lingemshtua kama angetaka kushtuka.

Tarehe kumi na tatu, Jumatano, kamati ikakaa. Walikuwa wanne, Dokta Joanitha katikati, kanzu yake ya kitenge imepigwa pasi kali, miwani imeshuka puani. Verediana alionyesha kazi yake: familia mia tatu na arobaini zilizounganishwa, na mia mbili na kumi na wanne wa mwanzo kila mmoja amerudishwa kwa pacha wake au kwenye orodha ya wasiojulikana bado. Mzee mmoja wa kamati alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha.

"Kazi safi," Dokta Joanitha alisema. Hakutabasamu. "Ila nina barua hapa, na lazima niisome mbele yako. Sisemi mtu nyuma ya mgongo."

Akaisoma. Kwa moyo mzito, ilisema barua, na kwa kuzingatia maadili ya utafiti, mwandishi anaona ni wajibu wake kuijulisha kamati kwamba kumbukumbu namba sifuri si ya majaribio. Ni familia ya mtafiti mwenyewe, ambaye nyumbani kwao Gungu huitwa Kiza. Mtafiti aliingia nchini mwaka 1996 kupitia Manyovu. Amelijua jibu la kumbukumbu hiyo tangu tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, na amelificha kwa maslahi yake binafsi.

Chini yake palikuwa na sahihi, tena haikufichwa. Elinipa alikuwa ameandika jina lake lote, kwa ule mwandiko wake wa duara ambao Verediana aliuzoea kwa kuazima madaftari yake.

Uongo mtu huweza kuupinga. Huyu alikuwa amemchoma kwa ukweli mtupu, kila neno lake sahihi, pamoja na yale aliyoyasema pale ngazini huku ameshikwa mkono.

Dokta Joanitha alivua miwani. "Nisikilize vizuri, binti. Watu hutunga data za majaribio. Ni jambo la kawaida, wala si kosa. Ukiniambia kumbukumbu hii uliitunga, nitaamini ni hivyo, barua hii nitaiona ni wivu wa vijana. Tutaifuta sifuri, na jibu lake litafutika nayo kwa sababu litakuwa limeungana na mtu asiyekuwepo. Utaendelea na usaili wako. Ukisema ni yako, usaili unaishia hapa. Ufadhili ni wa raia, na mimi siwezi kulibadilisha hilo. Uhamiaji sitawaandikia, lakini nilichokisikia siwezi kujifanya sikukisikia. Sasa, kumbukumbu sifuri ni ya nani?"

Yule mzee aliyepiga makofi alimtikisia kichwa kidogo, kama anayemwonyesha mtoto mlango. Ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu, "niliitunga," na Arusha ingekuwa yake, mikondo ya ziwa ingekuwa yake. Naye Butoyi angebaki vilevile kwenye mashine: ndugu nchini Tanzania, hakuna.

"Ni yangu," Verediana alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni yetu. Huyo Butoyi ni kaka yangu, na mama yangu yu hai. Nipeni mahali alipo."

Alitia sahihi kwenye fomu ya ndugu. Aliambiwa asubiri nje wakati Dokta anapiga simu kambini.

Elinipa alikuwa kwenye korido, amevaa gauni la usaili, faili kifuani, anangoja zamu yake. Hakukimbia wala hakuinamisha macho.

"Sijakusema wewe, Vere," alisema taratibu. "Nimesema data. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo."

"Mama yangu alikuwa anakuita mwanangu."

"Na mimi nampenda mama. Hili ni jambo la kazi."

"Ulinishika mkono, Elinipa. Uliniambia nisubiri! Ukaniambia nisimwambie mama! Kumbe ulikuwa unanipikia kosa ili uliandike kwenye barua!"

Watu walichungulia milangoni. Elinipa akakaza faili. "Nilikushauri," alisema. "Aliyenyamaza ni nani? Wewe ni mtu mzima."

Verediana alinyanyua mkono ampige kofi, na mkono ukaishia hewani. Hasira ilikuwepo, tena tele, ila ndani ya maneno yale kulikuwa na kitu ambacho hakukipatia jibu, na kwa kukosa jibu akamchukia Elinipa zaidi. Mlango ukafunguliwa. Elinipa akaitwa, akaingia, akaufunga nyuma yake bila kishindo.

Dokta Joanitha alitoka baada ya nusu saa. Alikaa kwenye benchi kando ya Verediana, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote.

"Nimewapata watu wa kambini," alisema. "Kambi ni ile ya njia ya Kibondo. Alikuwa nyumba ya kona, fundi wa redio, wanamjua. Mabasi ya kurudi Burundi yameanza mwezi huu. Wanaojiandikisha huulizwa kama wana ndugu huku. Alijibu hana. Amepanda basi Alhamisi iliyopita."

"Alhamisi?"

"Tarehe saba. Pole, mwanangu. Wanasema alikuwa amekaa miaka miwili akingoja mtu amuulizie. Alichoka."

Verediana alihesabu bila kutaka. Toka Jumatatu ile ya ngazi hadi Alhamisi hiyo zilikuwa siku kumi na saba. Siku kumi na saba alikuwepo, saa chache tu kwa gari, huku yeye anapiga pasi nguo ya usaili. Aliomba ruhusa, akapanda bodaboda mpaka Gungu, na dereva alipomuuliza njia akamwonyesha kwa kidole.

Yuliana alikuwa uani, anajaza mawese kwenye chupa kwa faneli. Saa nane mchana haikuwa saa ya Verediana kurudi. Akaweka chupa chini.

"Kiza, kuna nini? Umefukuzwa?"

"Mama, nimempata Butoyi."

Yuliana hakulia. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye udongo, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. "*Imana ishimwe*," alisema, Mungu asifiwe. Akarudia. Kisha akaanza kuuliza yote kwa pamoja: yu mzima? Ana mke? Na Bukuru je? Verediana akapiga magoti akamjibu. Bukuru hayupo, mama. Baba hayupo. Butoyi ni fundi wa redio. Mama yake alipokea kila jibu na kulitikisia kichwa, la furaha na la msiba, kama mtu anayepokea mizigo mingi ndani ya muda mfupi asijue pa kuiweka.

"Yuko wapi? Twende."

"Amerudi Burundi, mama. Aliandikisha hana ndugu. Alhamisi iliyopita."

Hapo ndipo Verediana alipoyatoa yote ya Elinipa, haraka haraka, maneno yakipandana: barua, sahihi, korido, mkono alioushika, shauri la kusubiri mpaka kamati itoe majibu, jinsi alivyoumwa huku anapulizwa. Alilia kwa uchungu wa kweli. Alitaka mama yake amlaani yule msichana kwa sauti, majirani wasikie.

Yuliana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo Elinipa mimi sikumzaa. Nakuuliza wewe. Ulijua lini?"

Jibu la uongo lilikuwepo tayari, fupi, la neno moja: leo. Dokta asingemwambia, Elinipa asingethubutu kukanyaga Gungu tena. Mama angekufa bila kujua.

"Tarehe ishirini na moja mwezi wa nane," Verediana alisema.

"Alikuwa hapa."

"Alikuwa hapa."

"Nikakuuliza habari za kazi."

"Ego, mama. Ndiyo."

Yuliana aliinuka, akajipangusa vumbi. Aliingia ndani, na Verediana akasikia sanduku linavutwa kutoka chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga mbili, raba miguuni, mfuko begani. Mwanamke huyu alikuwa na miaka sitini na moja, hakuwa na karatasi hata moja ya kumvusha mpaka, na kwa miaka ishirini na moja hakuwahi kukubali hata kutazama upande wa milima ya Manyovu.

"Gari za Manyovu bado zipo saa hizi?" aliuliza.

"Zipo mpaka saa kumi. Mama, ngoja nichukue nguo, tunakwenda wote."

Yuliana alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni, na Verediana angetoa chochote ili iwepo.

"Wewe baki," alisema mama yake. "Subiri majibu yako."

Akafungua geti, akashuka barabarani, akampungia mkono dereva wa bodaboda.